Sweta ya Chuo Nisichosoma

Sweta yangu ya mitumba, niliyoinunua mtaa wa Tensta, ina jina la chuo kikuu cha umma cha Wamarekani weusi. Wauguzi wenzangu hapa hospitali ya Flemingsberg waliponiuliza, niliwajibu bila kusita kwamba nilisoma huko. Nikawasimulia bendi yake na sherehe ya wahitimu kurudi chuoni kila mwaka. Wakaniheshimu, nami nikavimba kichwa.

Juzi daktari mgeni, mama wa Kimarekani, aliingia chumba cha kahawa akaiona sweta.

“Hata mimi nimesoma pale,” alisema kwa furaha. Akainua mkono, akaita wito wa chuo chao, kisha akasubiri niuitikie.

“Mjibu basi,” alisema Neema, muuguzi mwenzangu. “Si chuo chenu?”

Chumba kizima kilinitazama. Nikajibu kwa sauti ya kujiamini, “Amina.”