Kamba wa Lena

Mimi ni mtu wa Tanga, na kwa kamba sifundishwi na mtu. Maneno hayo niliyasema mwenyewe Jumamosi, jikoni kwa rafiki yangu Mama Amani, mtaa wa Vårby gård, nikiwa hata mwaka sijamaliza Stockholm.

Mama Amani, Mkongo, alitualika kula kamba wa ziwani waliochemshwa na jirani yake Lena, Mswidi. Nilifika mapema kusaidia; Mama Amani akaniachia jiko, akaenda kupanga meza. Kufunua sufuria, nikaona kamba waliopoa wamelala kwenye maji meusi, juu yake yametapakaa matawi yenye maua kama magugu. Nikamwonea huruma Lena, mama wa watu. Kumbe hata kuchuja hajui.

Basi maji yote nikayamwaga kwenye sinki. Kamba nikawaosha kwa ndimu, nikawaunga kwa tui la nazi na pilipili. Yale maua yalikuwa mazuri, nikayatia kwenye glasi katikati ya meza.

Wageni tukaketi, kila mtu na kofia ya karatasi kichwani, ndiyo desturi ya Waswidi wakila kamba. Lena akafunua sufuria, akasema kitu kwa Kiswidi, taratibu sana.

"Dada, anauliza yako wapi maji aliyowalaza kamba ndani yake tangu jana," Mama Amani akanitafsiria. "Anasema utamu wote uko humo, na yale maua ndiyo kiungo chenyewe. Na wanaliwa baridi."

Lena alikuwa ameshayaona maua. Akayachomoa kwenye glasi, akayanusa, akazunguka meza mpaka nilipokaa, akayachomeka kwenye kofia yangu.