Nyimbo za Furaha Saa Saba Mchana

Kwa miaka ishirini na sita alitunza maktaba ya santuri redioni, na watu walimwita Mzee Santuri hata kabla hajaota mvi. Santuri zenyewe alizishika kwa kingo tu, kama mtu ashikaye sahani ya moto.

Vita vilipoanza, kikaratasi kikawa kinaletwa kila siku kutoka ofisi ya waziri wa habari. Hakikutaja mapigano. Kilitaja tu nyimbo za kufuata taarifa ya saa saba mchana. Jeshi likisonga mbele, nyimbo mbili. Likirudi nyuma, kumi, zote za furaha. Waziri alidhani anawatuliza watu, kumbe anawafundisha kusoma. Haukupita mwaka, hata muuza mkaa wa getini alishaelewa.

"Mzee Santuri, leo tunacheza au tunalia?"

"Pima mkaa wako, bwana. Kuta zina masikio."

Nyumbani aliishi na dada yake, mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa vitani. Dada alimwambia jambo moja tu: "Kaka, wengine wanidanganye. Wewe usinidanganye." Akaahidi.

Alhamisi moja kikaratasi kilikuja na nyimbo kumi na nane; hazikuwahi kuzidi kumi. Msomaji wa habari, mama mtu mzima, alimnong'oneza akiwa mlangoni: kikosi kile cha daraja la kaskazini, hakurudi mtu. Ndicho kikosi cha mpwa wa Mzee Santuri. Kisha mama yule akaingia studio na kusoma, kwa sauti isiyotetereka, kwamba majeshi yetu yamejipanga upya huko kaskazini.

Mzee Santuri akaweka wimbo wa kwanza, kisha wa pili. Wa tatu ukamganda mkononi. Akiishia hapo, atakuwa amemwasi waziri, na kesho hana kazi, pengine hana hata uhuru. Hilo halikumtisha sana. Kilichomshika ni dada, aliyekaa jikoni sasa hivi akisikiliza. Nyimbo mbili zingempa usingizi wa siku chache. Zingekuwa pia uongo wake wa kwanza kwa dada.

Akaweka wa tatu. Akaziweka zote kumi na nane, akizipangusa moja moja.

Alipofika nyumbani, redio ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mezani palikuwa na sahani mbili. Tangu vita vianze, dada alikuwa akiandaa tatu.

"Nilifika wa kumi na mbili, nikazima," alisema bila kugeuka. "Nawa mikono, kaka."