Sabufa ya Shemeji

Sabufa ile ilitoka Marekani, kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye alikuwa akihama nyumba na hakutaka kuitupa. Ilisafiri ndani ya kontena la jamaa pamoja na blanketi na viatu vya watoto, ikatufikia Iftin, mtaani kwetu Garissa, ikiwa nzito kama mbuzi aliyeshiba.

Risiva yangu, ile mashine inayoendesha spika za sebuleni, ilikuwa na tundu moja dogo la sabufa. Hii ya shemeji ilikuwa ya zamani, haikuwa na tundu la namna hiyo. Nyuma yake kulikuwa na vibanio vya nyaya tu. Nikasoma kwenye simu, nikapitisha nyaya za spika kwenye vibanio hivyo, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikajiona fundi. Plagi yake yenye vyuma viwili bapa haikuingia ukutani, nikaivalisha adapta ya dukani. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimefifia na sikuhangaika kukisoma. Kumbe umeme wa kule ni kama nusu ya wetu.

Tulikuwa tumeshaswali alasiri. Mke wangu alikuwa jikoni, mtoto mchanga mgongoni. Binti yetu, aliyeanza shule mwaka huo, alikuwa mkekani akichora. Nikawasha. Kwanza ukatoka mvumo mzito uliotikisa vikombe kabatini, nikacheka. Kisha ukaja mshindo mmoja, mkavu. Moshi ukajaa sebuleni na umeme ukazimika nyumba nzima.

Garissa, mji ulioonja mashambulizi, mtu hasubiri kujua mshindo ni wa nini. Nilisikia lango la jirani likibamizwa, milango ya mabati ya duka la kona ikifungwa, mwanamke akimtaja Mungu mfululizo. Mke wangu alikimbilia uani akinipigia kelele nitoke. Nikatoka, nikapanda juu ya ndoo na kuwaambia watu ng'ambo ya ukuta kwamba ni redio tu, redio imeungua. Nilihofia gari la askari lifike kabla maneno yangu hayajafika.

Ndipo mke wangu akaniuliza binti yuko wapi.

Lango letu lilikuwa wazi. Yeye akakimbilia barabarani, mimi nikarudi kwenye moshi nikimwita. Kimya. Kalamu zake za rangi zilikuwa zimetawanyika mkekani. Nikapiga magoti nikaupapasa mkeka nikitafuta damu, kwa sababu nilifikiri kipande cha chuma kimeruka na kumpiga.

Nilimkuta chumbani kwetu, chini ya kitanda, nyuma ya masanduku. Alikuwa amelala kifudifudi, mikono juu ya kichwa. Nilimgusa mguu, hakusogea. Nikamwita tena, hakuitika. Nikammulika kwa tochi ya simu. Kisha nikaona mgongo wake ukipanda kidogo na kushuka.

Nikalala sakafuni kando yake. Nilimwambia ni mimi, Aabo, baba yake, atoke. Akafungua jicho moja.

"Wameondoka?" akanong'ona.

"Hakuna aliyekuja. Ni redio imeharibika."

"Mwambie Hooyo aseme."

Mke wangu, Hooyo wake, alikuwa amesharudi. Akainama, akamwambia maneno yaleyale kwa Kisomali, polepole, mara kadhaa, huku machozi yakimtiririka. Ndipo mtoto akajivuta nje. Nguo zake zilikuwa zimelowa mkojo. Nikambeba hivyohivyo, naye hakuniachia shingo hadi usingizi ulipomchukua.

Fundi mmoja wa mtaa wa Galbet aliifungua sabufa, akasema angeweza kuifanya itumie umeme wetu. Nikamwachia, achukue vipuri anavyovitaka.

Jumatatu nilimpeleka binti shuleni mwenyewe. Nilimweleza mwalimu wake yaliyotokea, nikamuuliza kwa nini mtoto hakuniitika, ilhali sauti yangu anaijua. Mwalimu alinitazama kwa upole. Alisema ndivyo wanavyowafundisha: wakisikia mshindo, wajifiche, walale, wasiitike hata wakiitwa kwa majina.

"Amefanya vizuri sana," akasema.

Nikamshukuru. Nilisimama pale langoni, nikiwatazama watoto wakiingia darasani kwa mstari.