Mwaka Ulioandikwa Chini ya Mkanda

Mwaka 2021, vuli ikiwa imechelewa kama kawaida yake ya siku hizi, nami nikiwa na umri wa miaka hamsini na minane na miezi miwili, niliamua kununua gari lisilo na paa. Nasema lisilo na paa kwa kuwa ndivyo familia ya marehemu mume wangu ilivyolitangaza, kwa sauti ya watu wanaopeana habari za mgonjwa. Kwa kweli gari lenyewe lilikuwa na paa la turubai, ambalo hujikunja na kujificha nyuma ukibonyeza kitufe. Magari ya namna hiyo hutoka Ulaya, hupita mikononi mwa matajiri wa Dar es Salaam, na yakishachoka huletwa kwetu Korogwe kubeba maharusi.

Binti yangu wa mwisho alikuwa aolewe Handeni, Jumamosi tarehe 18 Desemba. Mimi mwenyewe niliolewa huko huko, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1983. Pikapu ya kuazima iliyonipeleka ilizimika katikati ya njia, nami nikashuka na shela langu, nikasukuma pamoja na wapambe. Kwa miaka thelathini na minane ukoo wa mume wangu umenitunzia jina la Bibi Harusi wa Kusukuma, na kulitunza kwao ni kulitumia. Nimelisikia kwenye harusi na kwenye vikao vya mahari. Tarehe 11 Machi 2014, siku tuliyomzika mume wangu, nililisikia pia, likinong'onwa kwa heshima inayostahili msiba.

Kwa hiyo nilikuwa na sharti moja tu: binti yangu afike Handeni akiwa amekaa.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amejiteua mwenyekiti wa kamati ya harusi, cheo ambacho kwetu humpa mtu haki ya kuzungumza kwa muda mrefu akiwa ameshika kalamu asiyoiandikia. Yeye ndiye aliyenipeleka Kilole kwa dalali, kuliona gari jekundu linalong'aa kama pipi.

"Namba D, mama," alisema dalali, akigusa kibao cha namba kwa vidole viwili.

"Namba D," alirudia shemeji, taratibu, kama mtu anayeitikia dua.

Herufi ile huonyesha ni lini gari liliandikishwa nchini. Haisemi hata kidogo ni lini lilitengenezwa. Gari laweza kuzeeka Ulaya kwa miaka kumi na mitatu, likashuka bandarini na magoti yanayouma, na bado likapewa herufi mbichi kuliko ya jirani yake aliye kijana. Lakini kwetu herufi ndiyo cheti cha kuzaliwa. Nimewaona watu wazima, wenye ndevu na hati za mashamba, wakinunua gari kwa kuangalia kibao tu, bila kufungua boneti.

"Ni la mwaka gani?" niliuliza.

"Namba D, mama."

"Nimeiona. Nauliza mwaka lilipotengenezwa."

"La juzi juzi tu, mama yangu. Elfu mbili na nane."

"Shemeji," aliingilia mwenyekiti, "hapa si darasani."

Alijua alichokuwa anakigusa. Nilijifunza kusoma mwaka 1984, katika darasa la watu wazima, mimba ya kwanza ikinizuia kukaa karibu na dawati. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mwaka 2006, mtahiniwa wa kujitegemea, mwenye miaka arobaini na mitatu, kwenye chumba cha watoto waliodhani mimi ndiye msimamizi. Ukoo ulicheka sana mwaka ule. Kicheko chao nilikiweka mahali pazuri.

Jumanne tarehe 2 Novemba nilikwenda Mombo kwa fundi wa magari ambaye niliambiwa ndiye pekee, toka Korogwe hadi Lushoto, aliyewahi kulifungua paa la aina ile na kuweza kulifunga tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nataka kujua mwaka."

Alifurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. Alinieleza kwamba magari ya aina ile yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 yana pampu ya paa inayovuja, na paa hukwama nusu ya safari. Kwamba mwaka wa kwanza wa umbo jipya nao niukwepe, kwa kuwa watengenezaji huwa bado wanajifunza kwa fedha za mnunuzi. Na kwamba nitafute la mwaka wa tatu, yaani 2008, ambalo makosa yake yamekwisha kulipiwa na wengine.

"Na nikidanganywa?"

"Kaa kwenye kiti, mama, uvute mkanda mpaka mwisho. Chini kabisa kuna kitambaa kidogo kimeandikwa mwaka. Dalali huosha gari zima. Pale haoshi."

Jumamosi tarehe 6 nilirudi Kilole, nikaketi ndani ya gari jekundu na kuvuta mkanda hadi ukagoma. Nikavaa miwani. Nikasoma. Nikahamia kiti cha pili, cha tatu na cha nne.

"Hapa pameandikwa 2002," nilisema.

"Mikanda ilibadilishwa, mama."

"Yote minne?"

"Kulikuwa na ajali ndogo."

"Kumbe lilipata ajali?"

"Halijawahi kupata ajali, mama! Hilo nakuapia."

Nilimshukuru kwa maelezo yake kamili.

Gari la pili nililipata Makuyuni kwa mstaafu mmoja, ambaye mwanawe alihamia nje ya nchi na kumwachia baba yake mzigo huo wa kifahari. Mzee alilifunika kwa turubai la kuanikia mahindi, na kuku walikuwa na maoni yao juu ya boneti. Rangi ya kijivu. Mikanda yote minne, 2008. Kibao: namba C.

Kamati ilikutana. Shemeji alieleza, akiwa na kalamu mkononi, kwamba watu wa Handeni hawatavuta mikanda. Wataangalia kibao, na wakiona C watasema tumefilisika tangu kaka yake alipofariki. Wajumbe saba wakanyoosha mikono kuunga mkono D. Nami nikanyoosha wangu mmoja, mkono ambao, kwa bahati mbaya ya demokrasia, ndio uliokuwa unanunua. Nilipendekeza jaribio: magari yote mawili yaende Mombo na kurudi, na pale Mombo mapaa yafunguliwe na kufungwa mbele ya wajumbe. Mwenyekiti alikubali kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kushinda.

Jumamosi tarehe 20 Novemba, saa tano asubuhi, tuliegesha pale mabasi yanaposimama abiria wapate kula. Shemeji aliendesha jekundu. Mimi niliketi katika lile la kijivu, fundi akiwa kwenye usukani. Mapaa yalifunguka yote mawili, na watu wakapiga makofi. Kisha vuli, iliyokuwa imetusubirisha mwezi mzima, ikashuka kutoka milima ya Usambara bila taarifa.

Nilibonyeza kitufe. Paa langu likajifunga.

La shemeji lilipanda hadi nusu likasimama, kama mwanafunzi aliyenyoosha mkono kisha akasahau jibu. Alibonyeza tena. Akabonyeza sana, mpaka betri ikaisha na injini nayo ikakataa kuwaka. Mvua ilijaa kwenye viti vya ngozi. Wajumbe walihamia chini ya bati la wauza mahindi ya kuchoma na kumwachia mwenyekiti madaraka yake yote.

Akashuka kusukuma.

"Sukuma mzee!" abiria walipiga kelele madirishani. "Namba D hiyo!"

"Mwombe ndugu yako akupige picha, baba!"

Niliteremsha kioo kidogo, kiasi cha kutosha sauti lakini si mvua.

"Shemeji," nilimwambia, "weka bega, si mikono. Nina uzoefu."

Fundi alishuka kumsaidia, maana ni kijana mwenye adabu. Mimi nilibaki nimekaa. Nimekaa vizuri mara chache maishani mwangu, na ile ni mojawapo.

Jumatatu tarehe 29 Novemba 2021, saa nne asubuhi, tulikutana ofisini kwa wakili mjini Korogwe: mstaafu wa Makuyuni, mimi, na shemeji, niliyemwomba awe shahidi wangu kwa kuwa ni mkuu wa familia. Wakili alisoma mkataba kwa sauti: gari la kijivu, lililotengenezwa mwaka 2008. Mzee alitia sahihi. Nikatia yangu, jina kamili, herufi zote, bila haraka.

Shemeji akachukua kalamu, na safari hii akaiandikia. Alipofika kwenye nafasi ya tarehe alisita.

"Leo tarehe ngapi, shemeji?"

Nikamtajia siku, tarehe, mwezi na mwaka. Akaandika kama nilivyosema.