Namba Niliyoipuuza

Ofisini kwetu Maili Moja tulikuwa wawili tu, mimi na dada mmoja aliyenitangulia kazini. Tuliandika programu ya kupokea majalada ya wagonjwa kutoka zahanati za Kisarawe. Ndani yake nyuzi nyingi hufanya kazi kwa wakati mmoja, kila uzi kama karani mwenye jalada lake. Ili uzi usifungue yasiyouhusu, huvalishwa kichujio, na kiini cha mfumo wa kompyuta ndicho hukisimamia. Ukizivalisha nyuzi moja moja, uzi ambao hujaufikia unaweza kuzaa mwingine katikati ya shughuli, nao ukapita bila kichujio.

Hilo nililijua, tena nilijigamba nalo. Nikatumia amri inayozivalisha zote kwa pamoja. Nisichokisoma vizuri ni kwamba uzi mmoja ukikataa, hauvalishwi hata mmoja, na amri haileti jibu la chini ya sifuri kama makosa mengine. Huleta namba ya uzi uliokataa. Mimi nilikuwa nimeiambia programu kwamba kisicho chini ya sifuri ni salama. Na uliokataa ulikuwa na kichujio kingine, nilichouvalisha mwenyewe nilipokuwa najaribu, nikakisahau.

Dada aliiona. "Hii namba inayotokea kila tukiwasha ni ya nini?"

"Dada, hayo niachie mimi. Wewe malizia ripoti."

Aligeukia ripoti yake. Nikikumbuka sauti niliyotumia, uso unaniwaka mpaka leo.

Haukupita muda, mtu akatuma faili la hila, uzi mmoja ukafungua jalada usilotakiwa kuligusa, na majibu ya vipimo vya mama mmoja wa Maneromango yakazunguka kwenye simu za kijiji kizima. Lawama zilimwangukia nesi aliyempa yale majibu. Akasimamishwa kazi.

Kosa nililigundua kesho yake. Nikalirekebisha kimyakimya, nikaendelea kunywa chai. Nilikaa hivyo siku tisa, nikijidanganya kwamba nesi angesafishwa bila mimi kufungua mdomo. Nilikuwa mwoga tu.

Siku ya kumi nilimweleza bosi, nikapanda bodaboda hadi Maneromango. Nesi alikuwa mtu mzima, anaanua mahindi uani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa maneno mepesi, bila kumtaja mtu mwingine. Alisikiliza huku akiendelea kujaza ungo.

"Ulijua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

Akauweka ungo chini.

"Juzi yule mama alikuja hapa. Alilia, akaniuliza alinikosea nini. Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Nilishaamini kwamba niliacha daftari wazi."