Mwanga wa Njano Ulinichongea

Wasomaji, mnisamehe mwandiko na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba.

Nafagia maabara ya sekondari hapa Nachingwea. Juzi wanachuo walileta injini ndogo waliyoiunda, ya kusukuma vyombo angani kwa gesi inayong'aa. Wanapima rangi za mwanga wake wajue ndani kuna nini.

Dada Rehema, mwanachuo ninayempenda kimoyomoyo, alionya, "Kaka, usiiguse." Alipotoka nikaifuta ndani kwa kiganja, ing'ae, anisifu.

Walipoiwasha, Rehema akachungulia kipimo. "Mbona njano? Hii ni rangi ya chumvi ikiungua! Nani kaishika?"

"Si mimi, dada."

"Na mdomoni unatafuna nini?"

Korosho za chumvi. Kicheko kilisikika mpaka barabarani.

Jumatatu wanapima tena. Nimwangalieje? Niandikieni, tafadhali.