Dhahabu ya mama haikufika kima

Asalaam aleikum ndugu zangu wa ukurasa huu. Msimamizi, nakuomba usilitaje jina langu, hapa Nizwa, Omani, tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Baba alifariki nikiwa mdogo. Mama, mzaliwa wa Unguja, anashona nguo za wanawake nyumbani, kwa hiyo hana pensheni.

Ami yangu, mdogo wake baba, alileta habari za kampuni inayofungua akaunti za dhahabu za uzeeni. Unaweka dhahabu yenyewe, wanakuhifadhia mpaka utimize miaka sitini. Lakini wana kima cha chini: isipofika robo kilo hawakufungulii. Tena wanataka vipande vya dhahabu safi, mapambo hawapokei.

Mama alikuwa na bangili nene alizoachiwa na bibi. Tulizipima jikoni kwa mizani ya unga, zikapita robo kilo. Mama akafurahi mno. "Sasa sitakuwa mzigo wako, mwanangu," akaniambia. "Wewe nenda chuo Maskati ukasome."

Tukazipeleka pamoja na ami kwa sonara aziyeyushe. Alipoikata ya kwanza, ndani tukakuta nta nyeusi ngumu. Akatueleza kwamba zamani bangili nyingi zilifanywa tupu, zikajazwa nta zisibonyee. Akauliza aendelee au aache. Mama akasita, lakini ami akasema, "Kata nyengine, hizo nzito." Zote zilikuwa vivyo hivyo. Baada ya kusafishwa, kilichobaki kilipita kidogo tu nusu ya kima, na bangili hazirudi tena.

"Shemegi, kumbe miaka yote ulikuwa ukivaa mishumaa!" ami akacheka.

"Cheka tu," mama akamjibu. "Aliyesema kata nyengine ni nani?"

Kampuni ikatukataa. Ndipo ami akakumbusha posa niliyoletewa kutoka mji wa Ibra, ya kijana nisiyemjua. Watu wake wana uwezo, mahari yao ya dhahabu itajaza pengo. Sharti lao ni kwamba nikae Ibra, mambo ya chuo khalas, yamekwisha.

Mama akasema, "Binti yangu hatiwi kwenye mizani."

"Nani kamtia?" ami akasema. "Mahari ni yake. Atakupa mwenyewe kwa hiari."

Hilo ndilo linaloniumiza. Shuleni tumefundishwa kuwa mahari ni haki ya bibi arusi, hakuna wa kumnyang'anya. Basi kama ni yangu, kumpa mama naweza, na nikikataa, aliyemnyima ni mimi. Mama haoni vizuri siku hizi. Kila asubuhi kabla ya basi la shule namtungia uzi kwenye sindano kadhaa, zikimwisha anakaa kunisubiri. Harusini haendi tena. Wakija kumwita, anasema kichwa kinamuuma, huku akivuta mikono ya nguo yake ifunike viganja.

Jana nilimuuliza, "Mama, wataka nifanye nini?"

"Nataka usiniulize," akasema, akageukia ukuta.

Wageni wa Ibra wanakuja Alkhamisi baada ya alasiri. Naomba Mungu iwepo njia ambayo sijaiona, ingawa kila nikitafuta siioni. Dada zangu, mama zangu, nishaurini kabla ya siku hiyo. Ami akinigeukia mbele ya watu na kuniuliza kama nimeridhia, nimjibu nini?